Mlio Mmoja wa Kupanda

Watu wakisimulia habari za Tabitha huanza na kompyuta, na mimi huwa nawakatiza. Anzeni na yeye mwenyewe, nawaambia. Binti wa Old Moshi, mrefu, mkaidi, mwenye tabia ya kula ndizi za kuchoma juu ya karatasi zangu. Tulikaa meza moja katika ofisi ya Mzee Remigius, pale mjini Moshi, tukipeleka wageni mlimani. Mimi nilipokea simu na kupanga safari. Yeye aliletwa mwaka tisini na nane, akitoka kumaliza kozi, kwa sababu mzee alikuwa amenunua kompyuta iliyotumika na hakuna aliyejua kuifanyia lolote zaidi ya kuifunika kitambaa.

Kabla yake tulikuwa na ubao wa misumari ukutani. Kila mpagazi, au mgumu kama tunavyowaita hapa, alikuwa na kibati chenye jina lake. Akipanda mlima anakigeuza, akishuka anakirudisha. Na wagumu walikuwa na mwiko wao: kibati cha mtu hakiguswi na mkono wa mwingine. Unajipandisha mwenyewe, unajishusha mwenyewe. Ukimshushia mwenzako ambaye bado yuko juu, walisema, umemfungia njia ya kurudi. Nilicheka siku ya kwanza kuusikia. Filemon, kiongozi wao, alinitazama mpaka nikaacha.

Mzee Remigius alitaka ubao ule uingie kwenye kompyuta, wageni waone tumeendelea. Tabitha akaunda vitufe. Mimi nilidhani kitufe hutokea tu chenyewe kwenye kioo, akanifundisha. Unakiumba kwa mstari mmoja, alisema: unakipa dirisha la kukaa pale kiooni, unakipa jina la kuandikwa juu yake, unakiambia kikibonyezwa kifanye nini. Halafu unakipanga: rangi, upana, ukingo wake uinuke au udidimie. Mwisho unakiweka mahali pake dirishani. Usipokiweka, kitufe kipo na kinaweza kufanya kazi, ila hakionekani.

"Kipo wapi sasa?" nilimuuliza.

"Kipo tu, Pamela. Usiniletee maswali ya kipaimara."

Hivyo kila mgumu akapata kitufe chake, cha kijani, kimeinuka. Akipanda anakibonyeza kwa mausi. Kinadidimia, kinageuka kijivu, kompyuta inalia mlio mmoja. Akishuka anabonyeza tena. Kinainuka, milio miwili. Milio ile niliichukia. Lakini wagumu waliipenda. Walipanga foleni na mabuti yao yenye tope, kila mmoja akibonyeza cha kwake, na mwiko wao ukahamia humo humo mashineni.

Julius alikuwa mmoja wao. Mwepesi, mcheshi, maneno mengi. Mwaka mmoja aliteguka mguu huko juu, Filemon akambeba mgongoni kutwa nzima, na Julius akawa anamwimbia nyimbo za kwaya njia nzima ili asichoke. Alipobonyeza kitufe chake alikuwa anamtazama Tabitha badala ya kioo. Desemba ya tisini na tisa watu wake walipeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kina Tabitha, posa ikakubaliwa, harusi ikapangwa baada ya Pasaka.

Februari alibonyeza kitufe chake akapanda na kundi la wageni. Siku ya kushuka, wakiwa wameshaiacha kambi ya juu, ikagundulika jiko limesahaulika. Julius akasema atalifuata, si mbali. Ukungu ukafunga nyuma yake. Filemon na wenzake walimtafuta, askari wa hifadhi wakamtafuta, hata jiko halikuonekana. Ofisini kwetu kitufe chake kikabaki kijivu, kimedidimia.

Mama yake, Mama Margareta, alikuwa mjane na Julius ndiye mtoto wake pekee. Katika ukoo wao mtu huzikwa kihambani, kati ya migomba ya baba zake, na mwili usipopatikana huzikwa shina la mgomba lililovikwa shuka. Lakini huwezi kuzika shina la mtu ambaye huenda yu hai. Mama alikataa kuzika kabla ya kujua. Tabitha naye akakwama hapo hapo: hakuwa mchumba wa mtu, na hakuwa mfiwa. Watu walikuja kumpa pole na hawakujua wampe ya nini. Nilimhurumia mpaka nikawa namkasirikia Julius kwa kwenda kufuata jiko.

"Nataka kujua tu, Pamela," aliniambia. "Hata kama ni jambo baya, nataka kujua."

Aprili, Mzee Remigius akaagiza jina la Julius lisionekane tena. Wageni walikuwa wanauliza maswali.

"Kiinue tu, binti," alisema. "Si mstari mmoja?"

Ulikuwa mstari mmoja kweli. Angeweza kukipanga upya kiinuke bila mkono wa mtu kukigusa. Lakini aliogopa mwiko wa wagumu, na mimi niliyecheka siku ile niliuogopa pia. Hakukiinua, wala hakukifuta. Alikitoa mahali pake dirishani, mzee akaona pengo, akaridhika.

"Umekiondoa?" nilimuuliza tulipobaki wawili.

"Nimekiondoa machoni," alisema Tabitha.

Masika ilipokolea, ukungu ulikuwa unashuka mchana mpaka Pasua, huku chini mjini, na taa zinawashwa saa nane. Mchana mmoja wa hivyo kompyuta ikalia. Mlio mmoja. Hakuna aliyekuwa karibu na mausi. Ukungu uliporudi, ikalia tena, mlio mmoja. Mzee akasema ni umeme huu wetu. Tabitha akaongeza mstari kwenye programu, ili kila kitufe kikibonyezwa kiandike jina lake pembeni. Ukungu ukaja, mlio ukaja, jina likaandikwa: Julius.

Alikagua programu yake neno kwa neno. "Haiwezekani," alisema. "Kimeshadidimia hiki. Kikibonyezwa tena kinatakiwa kuinuka, milio miwili. Chenyewe kinadidimia juu ya kudidimia."

Mimi ni Mlutheri wa kwaya, sina habari na mizimu, lakini siku hiyo nilihamisha kiti changu nikakiweka upande wa mlango.

Aliyempelekea habari Mama Margareta ni Filemon, jirani yake, hakuna mwingine. Mama alishuka mjini kwa miguu, kanga begani, akaingia ofisini bila kubisha.

"Shikamoo, mama," alisema Tabitha.

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe."

Tabitha alikirudisha kitufe dirishani. Mama alikitazama muda mrefu. Nilidhani ataomba kukiinua, nikajiandaa kumzuia.

"Anapanda," alisema.

"Ndiyo, mama. Kila ukungu ukija anapanda tena."

"Hajui kama njia imegeuka, sasa ni ya kushuka." Alivuta kiti, akakaa. "Nitengenezee na mimi."

"Nini, mama?"

"Cha kwangu. Kikae karibu na chake."

Tabitha alinitazama, kisha akavuta kibodi. Akaandika mstari wake: dirisha, jina, kazi ya kufanya. Akakipanga kiwe cha kijani, upana sawa na cha Julius, akakiweka ubavuni mwake. Margareta. Alitaka kumshika mkono mama amwongoze, mama akausukuma kwa upole.

"Si mnasema kila mtu mwenyewe?"

Akabonyeza. Kikadidimia, mlio mmoja. Mama akajifunga kanga yake vizuri, akaaga, akarudi Old Moshi.

Asubuhi iliyofuata Filemon alikuja ofisini, kofia mkononi.

"Mama Margareta hajaamka," alisema. "Yu hai. Amelala, amegeukia ukutani. Daktari wa zahanati amekuja kumwona, anasema homa hana, moyo mzima." Akaigeuza kofia mkononi. "Ila anavyopumua. Anapumua kama mtu aliye juu kule. Hatua, pumzi. Hatua, pumzi."

Alilala hivyo mpaka Jumapili ikapita. Saa zote za kazi Tabitha hakubanduka mbele ya kompyuta. Alikula mezani bila kuniharibia karatasi hata moja, na hilo lilinitia hofu kuliko yote. Jumatatu asubuhi, mvua imekata na mlima ukionekana wote mpaka kileleni, kompyuta ililia. Milio miwili. Halafu miwili tena. Jina la kwanza lililoandikwa lilikuwa Julius, na la Margareta likafuata chini yake. Mama alikuwa amemtanguliza mwanawe.

Vitufe vyote viwili vilikuwa vya kijani, vimeinuka. Tabitha akacheka, akainuka mbio mpaka mlangoni, akasimama pale akitazama barabara huku na huku. Alikuwa anatafuta buti zenye tope. Nilimwachia mzee simu zake, nikamchukua Tabitha tukapanda Old Moshi.

Mama Margareta tulimkuta amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni. Maji ya beseni yalikuwa ya kijivu. Udongo wa migombani kwetu ni mwekundu. Vumbi la kijivu kama lile liko juu kule, miti inakokwisha na kubaki mawe matupu, na mama hajafika huko maisha yake yote. Filemon, aliyekuwa ametufungulia mlango, alichovya kidole majini, akakisugua na kingine, akatoka nje.

"Yuko wapi, mama?" Tabitha aliuliza.

"Nimemshusha. Jiko lile lilikuwa bado mkononi, hataki kuliachia. Baridi imemkaa siku nyingi, mwanangu." Akamshika Tabitha mashavu kwa mikono miwili. "Hawezi kukuoa tena. Tumzike."

Shina la mgomba likakatwa Jumatano. Halikuwa kubwa, kijana mmoja alilibeba begani kutoka migombani mpaka uani, nilimwona kwa macho yangu. Likavikwa shuka jeupe, likalazwa kwenye kitanda cha Julius wakati wa ibada. Ibada ilipokwisha wagumu wanne wakaingia kulichukua, Filemon mbele. Wakainama, wakainua, na nikaona wote wanne wanarekebisha miguu. Wa nyuma wakatazamana. Filemon akabadili bega.

"Ni maji tu," nilimnong'oneza. "Mgomba mbichi una maji mengi."

"Nilimbeba kutwa nzima mwaka ule," alisema Filemon bila kugeuza kichwa. "Huyu namjua."

Tabitha alimsikia. Hakuwa amelia tangu Februari, hata mara moja. Alisogea upande wa Filemon, akaweka kiganja chake chini ya shuka, akausikia uzito ule, na hapo ndipo alipolia, akitembea nao taratibu mpaka kwenye miche ya isale iliyopandwa kuzunguka kaburi.