Mtu wa Chama Aliyeshuka Kwenye Gari la Meneja

Mara ya kwanza kumwona mtu wa chama cha wafanyakazi, alikuwa anashuka kwenye gari la meneja. Alikuwa anacheka. Meneja naye alikuwa anacheka, akamshika bega, wakaingia ofisini, na chai ikapelekwa. Sisi wanawake wa kuchambua tumbaku, tuliokuwa tumekaa mlangoni mwa ghala huku pembeni mwa mji wa Songea, tulitazamana tu.

Jana yake mashine ya kubana marobota ilikuwa imemponda mkono mwenzetu, dada mmoja wa Lusewa aliyepanga chumba Mshangano. Mimi nilikuwa jirani yake kabisa. Mnyapara alikuwa ameung'oa wavu wa chuma unaokinga mikono, akidai unachelewesha kazi. Nilimwona akiung'oa. Lakini hata damu haijaoshwa sakafuni, ghala zima lilikuwa linaambiwa kwamba yule dada alisinzia.

Mtu wa chama alipotoka ofisini aliizungukazunguka ile mashine, kisha akatujia.

"Poleni na kazi, akina mama. Nani alikuwa karibu naye?"

Msimu uliopita alikuja mgeni mwingine mwenye maneno matamu, akatuambia tuseme shida zetu bila woga. Waliosema hawakuitwa tena kazini. Kwa hiyo tuliinamia majani yetu, na mimi niliinama kuliko wote.

Jioni nilipitia hospitali alikolazwa mwenzetu. Kabla sijaingia wodini nikasikia sauti ya yule mtu wa chama. Nikasimama mlangoni. Nilijua amekuja kumrubuni.

"Mnyapara alifika hapa?" alikuwa anauliza.

"Alifika mchana. Amesema nikikubali kwamba nilisinzia, nitarudishwa kazini nikipona."

"Usikubali neno lolote, dada. Wala usimkatalie kwa hasira. Mwambie unaumwa, hujui kitu."

Mama wa mgonjwa, aliyekuwa amefika kutoka Lusewa, akasema, "Inshallah, baba." Lakini hata yeye alimtazama kama mtu anayetazama dawa asiyoijua.

Nilimngoja kwenye korido. Nikamsalimia, halafu nikamuuliza moja kwa moja, "Kaka, wewe ni wa kwetu au wa meneja? Tumekuona umekuja na gari lake."

Hakukasirika. "Chama hakina gari, mama. Alinipa lifti. Ningengoja usafiri wangu, ningeikuta mashine imeshatengenezwa."

"Na kucheka je?"

"Ulitaka nilie?"

Akatoa simu, akanionyesha picha ya mashine aliyopiga asubuhi ile. Matundu ya boliti yalikuwa wazi, wavu haupo. "Picha inaonyesha haupo," akasema. "Haisemi nani aliutoa."

Nilielewa anachotaka. Nikamuaga. Nilirudi nyumbani Matogoro nikiwaza kwamba picha hiyohiyo anaweza kumuuzia meneja, na jina langu juu yake. Majibu yake yalikuwa mazuri mno, na mtu mwenye majibu mazuri kiasi kile alizidi kunitia mashaka.

Asubuhi tulipoingia ghalani, wavu ulikuwa mahali pake. Umepakwa rangi mpya, bado inanuka. Mnyapara alisimama kando yake akasema kwa sauti, "Wavu huu upo siku zote. Kuna anayebisha?" Akatupitishia macho, mmoja mmoja.

Hapo ndipo nilipoamua. Mtu wa chama sikuwa nimemwamini bado. Ila mnyapara sasa nilikuwa na hakika naye.

Nilimwambia mtu wa chama kwamba nitasema, na kikao kikafanyika ofisini kwa meneja. Mnyapara alirudia maneno yake. Mtu wa chama akaweka simu mezani, picha ikaonekana, kisha akanigeukia. Nikasema nilichokiona. Nilisema chote. Safari hii hakuna aliyecheka. Niliporudi kwenye tumbaku, wenzangu waliokuwa wanaongea walinyamaza. Nadhani walijiuliza nimeahidiwa nini.

Kampuni ilibeba gharama za matibabu, ikatoa taarifa ya ajali ili mgonjwa apate fidia. Mnyapara hakufukuzwa. Alihamishiwa mapokezi ya mizigo, na hadi leo akiniona anasafisha koo. Msimu uliofuata nilikuwa na hakika sitaitwa. Niliitwa. Mtu wa chama alikuwa amekuja mwenyewe kuniulizia, nikajiunga na chama, na wengine wakajiunga nyuma yangu, polepole, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie.

Mwenzangu alipoteza vidole viwili. Aliporudi alipangiwa kazi ya mizani. Siku hiyo ya kwanza mnyapara alimpa pole mbele ya watu wote. Aliipokea kwa adabu, kisha, kabla hata hajafungua kitenge alichojitanda, akaenda kwenye ile mashine, akaushika wavu kwa mkono wake mzima, akautikisa kwa nguvu.

"Boliti hii imelegea," akasema. "Ikazeni, nikiwa naona."