Wimbo Uliosomwa Nairobi

Hawa watu wa mashairi wa Nairobi siwapendi, na sifichi. Mtu anasoma macho kayafumba, anavuta maneno utadhani tumbo linamkata, na akimaliza hawapigi makofi, wanaalisha vidole. Jioni ile ya uzinduzi wa kitabu cha mmoja wao Mama aliniuliza ni mbwa gani anaitwa.

Nilikuwa nimetoka naye kijijini kwetu Rukanga kwa sababu mshairi mwenyewe alitualika. Mwaka uliotangulia alikuja kwetu kutafuta utulivu wa kuandika. Aliutafuta wiki mbili nzima. Alilala kitanda changu, akala kimanga cha Mama, mihogo iliyopondwa na maharagwe, sahani mbili mbili, akaamka jua likiwa limeshaupita mlima Kasigau. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hata hakuliangalia.

Alichoangalia ni Mama. Mama husuka vikapu vya mkonge, na akisuka peke yake huimba wimbo alioutunga mwenyewe, kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, siku alipomzika dada yangu wa kwanza, mtoto wa miezi minne. Hauimbi kanisani wala matangani. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba ukiusikia, unapita kimya.

Mshairi aliusikia kupitia ukuta wa jikoni, akanijia na daftari. Unasemaje huo? Sasa mimi nafundisha Kiswahili hapo Voi, nina mashairi yangu ambayo hakuna aliyewahi kuyataka, na bwana huyu alikuwa ameniahidi kurasa mbili katika kitabu chake. Nikamfasiria mstari kwa mstari. Nilijiambia ni elimu tu. Elimu gani, jamani!

Pale ukumbini nilikipekua kitabu kabla hata sijaketi. Kurasa zangu hazimo. Mwishoni kabisa wameshukuriwa "wenyeji wakarimu wa Taita", basi. Nilikifunga nikakiweka chini ya kiti, na hapo ndipo mshairi alipopanda jukwaani, skafu shingoni kama mtu mwenye mafua. Akasema shairi linalofuata lilimjia alfajiri, akiutazama mlima. Alfajiri! Mtu wa kuamka saa tatu. Akafumba macho, akasoma:

"Umelikataa ziwa langu, mwanangu. Udongo utakunyonyesha nini?"

Alisoma mpaka mwisho, hakuacha hata mstari mmoja. Vidole vikaalika ukumbi mzima. Msichana aliyeketi mbele yetu alifuta machozi, halafu akajipiga picha. Mshereheshaji akachukua maikrofoni akasema huyu ameujua moyo wa mama kuliko mama mwenyewe, na watu wakacheka kwa raha. Mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Sambusa aliyopewa mlangoni ilikuwa bado iko magotini pake, haijaumwa.

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nilitaka nisimame nimvue nguo yule mtu mbele ya mashabiki wake, niwaambie alikula wapi na alilala wapi. Nilichoweza ni kumwinamia Mama nikamnong'oneza kwamba yule ni mwizi, tumemlisha na ametuibia, ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni mwako.

Mama hakunigeukia. Alikuwa akimtazama yule wa jukwaani, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kuuliza kama chumvi imekolea.

"Yule si wa nguoni. Yule ni mgeni, hajui hata neno moja la Kidawida. Nani alimfasiria?"

Watu walikuwa wanamwomba mshairi arudie. Akarudia shairi lote, kuanzia mwanzo, polepole, na muda huo wote Mama alikuwa bado anangoja nimjibu.