Hodi ya Pili kwa Mama Kavira

Naikumbuka asubuhi moja ya Keshero, hapahapa Goma, mwanangu, ambayo kama si mkono wa mama mmoja muuza samaki, leo usingekuwa na mtu wa kukuita mwanangu. Hebu kaa. Valisi yako ya vyombo umeshaifunga, nimeiona pale mlangoni, na najua kesho ndiyo mara yako ya kwanza kwenda kutengeneza mashine ya baridi peke yako, bila mimi nyuma yako nikikohoa kila unaposhika turnevisi kukaza skrubu. Nataka nikusimulie leo. Kesho utakuwa na haraka, na mwenye haraka hasikii.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimekulia milimani Masisi, nikasomea ufundi Bukavu, nikashuka Goma na karatasi yenye muhuri iliyosema kwamba najua mambo ya frigo, ya vyumba vya baridi na ya klimatizeri za kupoza hewa ofisini. Mama yangu aliifunga karatasi ile kwenye nailoni akaiweka pamoja na kadi zetu za ubatizo. Mimi nilitembea na manometa yangu ya kupimia presha ikining'inia shingoni kama daktari anayeingia wodini, hata nikienda kununua mkate. Usicheke. Wewe wiki iliyopita nilikuona ukijipiga picha na pampu.

Niliajiriwa na Muzee Kambale, mtu wa Butembo, mfupi, mwenye vidole vinene, asiyekosa misa ya asubuhi. Alikuwa fundi wa baridi tangu kabla sijazaliwa, na alikuwa na tabia moja iliyonichosha sana. Tukifika kwa mteja, hagusi mashine. Atapiga hodi, ataingia, atasalimia, atauliza watoto wameamkaje, atapokea kiti, na chai ikija ataimaliza. Ndipo atauliza swali lake, lilelile kila mahali, iwe ofisi kubwa ya Himbi au duka la bia la uchochoroni: "Mama, ile mashine ilisema nini mbele inyamaze?" Yaani, kabla haijazimika.

Mtu ataanza kueleza, na Muzee atasikiliza bila kumkatiza, hata akichanganya habari za mashine na ugomvi wake na shemeji. Mimi nilikaa pembeni nikitikisa mguu. Moyoni nilisema, huyu mzee anapoteza siku kwa mdomo. Mashine ina presha na ina umeme, vyote viwili vinapimwa, sasa chai ya nini? Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi tende yangu ilikuwa njiani.

Basi, siku hiyo mapema alikuja mtu mbio kutoka kwa Mama Kavira. Huyu alikuwa mjane, naye wa Butembo, aliyeuza samaki wa barafu katika chumba cha baridi nyuma ya nyumba yake kule Keshero. Shehena ya samaki ilikuwa imefika siku iliyotangulia, chumba kimejaa hadi darini, na mashine imenyamaza. Kila alichokuwa nacho mama yule kilikuwa mle ndani, na jua lilikuwa linakuja. Muzee alikuwa tayari amevaa shati lake la misa.

"Tangulia," akaniambia. "Umusikilize Mama. Usifungue valisi mbele nifike."

Maneno yalikuwa hayo tu, na mtoto wa miaka saba angeyaweza. Lakini mimi kwenye pikipiki nilikuwa nimeshapanga jinsi Muzee atakavyonikuta nimemaliza, nimekaa, nafuta mikono. Nilibeba hata chupa ya gesi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua, kabla sijaiona mashine, kwamba ni gesi imeisha.

Niliingia parseli ya Mama Kavira, uwanja wa nyumba yake, bila hodi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya chumba chake cha baridi, mama mnene wa kitenge cha buluu, na magotini ameweka fimbo yake ya chuma yenye ncha iliyopinda, ile ya kuvutia makatoni ya samaki yaliyo mbali. Nilimpita kama ninavyoipita nguzo ya umeme. Nikaufungua mlango wa chumba wote, nikasimama nikitazama makatoni.

"Fundi, funga mulango! Baridi inatoka!"

Nikaufunga, nikiwa nimeudhika kwamba mwenye kigoda ananifundisha kazi. Nikauliza tu mota iko wapi. Akanionyesha nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa amechimba shimo katika mawe meusi ya volkano, kina chake kama kifua cha mtu, akaiweka mashine humo ili isipigwe jua wala isiibwe. Ngazi fupi ya mbao ilishuka hadi chini. Mama Kavira alinifuata, akasimama kati yangu na ngazi.

"Usishuke saa hii. Upepo ya ziwa haiyafika. Mule munakuwaka mazuku asubuhi. Mbuzi yangu ilikufaka mule."

Wewe umezaliwa hapa, mazuku unayajua tangu mgongoni mwa mama yako: ile hewa mbaya inayopenya kutoka kwenye mawe, nzito, isiyo na rangi, inayojilaza mashimoni asubuhi hadi upepo uje kuitawanya. Mimi nilikuwa nimeisikia tu, nikadhani ni hadithi ya kuwazuia watoto wasizurure. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimefika kitandani pa watu nikiwa na viatu. Nikamwambia mama yule, mwanangu, maneno ambayo nikiyakumbuka hadi leo masikio yananiwaka moto.

"Mama, mbuzi haikusoma. Mie nilisoma."

Kulikuwa na wanaume wawili wenye chukudu zao, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, waliokuja kupakia samaki. Walicheka. Nilidhani wanacheka pamoja nami.

Nilishuka. Nikiwa nimesimama sikuona ubaya wowote, kwa maana kichwa changu kilikuwa bado juu ya hewa ile, na nikatabasamu. Kisha nikainama ili nifunge manometa. Puani niliwashwa kama mtu aliyepaliwa na soda. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Nakumbuka nilijiuliza kwa nini bomba la shaba liko karibu hivyo na jicho langu. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Yaliyofuata niliyasikia kutoka kwa wenye chukudu. Mmoja wao alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ili anifuate, na Mama Kavira alimkamata shati akamrudisha nyuma kwa nguvu hadi akaanguka. "Ukishuka mutakufa wawili!" Kisha yeye mwenyewe, na kitenge chake cha buluu, akalala kifudifudi kwenye mawe, akavuta pumzi akaibana, akateremsha ile fimbo ya samaki shimoni. Mara ya kwanza ikateleza. Mara ya pili ncha ikanasa pale mikanda ya salopeti, ile ovaroli yangu ya kazi, ilipokutana mgongoni. Akawapungia mkono, wale wawili wakashika fimbo pamoja naye, wakanivuta juu kama katoni.

Nilipofumbua macho nilimwona yeye kwanza. Alikuwa akinipepea kwa kifuniko cha boksi, na viwiko vyake vilikuwa vinatoka damu kwa mawe. Samaki wake walikuwa bado mle ndani, saa zinakwenda, na hakuwa anatazama huko hata kidogo. Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya watu, na sijaona haya kwa machozi yale mpaka leo. Haya yangu ni ya mengine.

Muzee Kambale alifika akiwa na rozari bado mkononi. Wakamsimulia yote, pamoja na lile neno la mbuzi. Nilingoja anifukuze kazi. Hakupaza sauti. Aliniangalia nikinywa maji, akangoja nimalize, akangoja nisimame sawasawa, ndipo akauliza:

"Wakati ulifika, ulimusalimia Mama?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi toka inje ya parseli. Uanze tena."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nilivuka uwanja ule salopeti imepasuka mgongoni, wenye chukudu wakinitazama, nikatoka hadi barabarani. Nikasimama mbele ya mlango. Nikapiga hodi.

Mama Kavira angeweza kunicheka, na alikuwa na haki. Lakini alirudi kwenye kigoda chake, akajipangusa kitenge, akajibu kama mtu ambaye hajawahi kuniona maishani mwake.

"Karibu, mutoto yangu. Ingia."

"Jambo, Mama. Muliamuka?"

"Tuliamuka. Ni mashine tu njo haikuamuka."

Akanipa kigoda chake yeye mwenyewe, akakaa juu ya katoni tupu. Nikauliza watoto wameamkaje, naye akaniambia mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza sikutikisa mguu. Kisha nikauliza mashine ilisema nini kabla haijanyamaza.

"Umeme ilirudia na nguvu kidogo sana," akasema. "Mashine ikafanya mmmm, halafu ta! Mmmm, ta! Ikafanya vile mara mingi, halafu ikanyamaza. Lakini samaki haina neno mupaka saa sita, kama mulango inafungwa."

Muzee alinitazama. Na mimi nilijua palepale, hata wewe umeshajua: ni kondansateri, kile kikopo kidogo kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Gesi haikuwa imepungua hata chembe. Ugonjwa wote wa mashine ulikuwa umekaa mdomoni mwa mama niliyempita kama nguzo, pamoja na saa ya kushuka, pamoja na muda uliobaki wa samaki. Angenipa vyote kwa salamu moja.

Tulikunywa chai. Upepo ulipoanza kutingisha kitenge kwenye kamba ya nguo, Muzee aliwasha mshumaa ndani ya mkebe akauteremsha shimoni kwa waya, na ulipofika chini ukaendelea kuwaka: mazuku yalikuwa yametawanyika. Akashuka yeye. Mimi nilimpa vyombo kutoka juu. Muda si mrefu mota ikaunguruma, na kabla ya saa sita barafu ilikuwa imeanza tena kuota kwenye bomba. Hakuna samaki hata mmoja aliyeharibika. Tulipokuwa tunaaga, Mama Kavira alinishika mkono akaniambia, na sasa ndipo alipocheka:

"Ile mbuzi haikusoma, wewe ulisoma. Kumbe lile shimo haliulizake diplome."

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa kwa Muzee, nikaitoa mashine ile shimoni, nikaijengea kibanda cha mabati juu ya zege. Shimo nililijaza mawe kwa mikono yangu, jiwe kwa jiwe. Muzee Kambale amekwisha kupumzika, Mungu amlaze pema. Alinifundisha kazi miaka mingi, lakini nikiulizwa ni siku gani niliyokuwa fundi, naitaja ile aliyonitoa nje ya mlango. Namshukuru kila nikipiga hodi.

Sasa nasaha yenyewe, mwanangu, ingawa najua umeshaiona. Kusoma ni kuzuri, na mimi ndiye niliyekulipia karatasi yako, sitaidharau. Lakini anayeishi na mashine amelala nayo, ameamka nayo, amesikia ikikohoa. Msalimie yeye kabla hujaigusa. Awe bosi wa ofisi, awe mlinzi, awe mama wa kigoda, mwache aseme mpaka amalize, na pale unapodhani anapiga porojo, ndipo sikiliza zaidi. Akikuambia usishuke, usishuke. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usione ugumu kutoka nje ukaanza tena.

Kesho unakokwenda ni Keshero. Ndiyo, ni parseli ileile, na mashine nyingine. Anayeuza sasa ni mjukuu wake, lakini yeye bado anakaa pale mbele ya mlango wa chumba cha baridi, mzee kweli, macho hayaoni vizuri. Atakusimulia habari hii yote upya, na kwake shimo limekuwa refu kama kisima na mimi nilikuwa mzito kama ng'ombe. Usimsahihishe. Mshike mkono, umwambie wewe ni mtoto wa yule wa fimbo.

Mungu wa Muzee Kambale akutangulie, akupe masikio kabla hajakupa mikono, na upepo wa ziwa ufike kabla yako kila mahali utakapoitwa. Nenda kalale, mwanangu. Na kesho ukifika mlangoni, piga hodi, halafu ungoje mpaka akuite mutoto yangu.