Mchanga Mlangoni kwa Fundi

Yule fundi cherehani wa Bagamoyo amefariki. Habari hizo niliziokota Jumatano kwa abiria aliyeshuka basi kutoka huko, na mwenyewe alizitoa kama mtu anayekumbuka jambo dogo wakati anatafuta mzigo wake: mzee wako kazikwa jana alasiri. Mazishi yalikuwa yamekwisha kunipita, nikaenda matanga. Ninyi mnaoisoma safu hii mmezoea kunisikia nikinung'unikia foleni za unga na simu zisizopokewa maofisini. Leo nivumilieni, maana nina majonzi, na ninayetaka kumzungumzia aliishi na mbwa. Najua nusu yenu mmekwisha kukunja pua.

Nilikuwa mwalimu kijana nilipopanga chumba ng'ambo ya njia, mbele ya nyumba yake. Alikuwa mshonaji wa kanzu, na kanzu zake zilikuwa zinavaliwa mpaka Pangani. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Alibaki na binti mmoja, ambaye naye alishikwa na homa kali, akalazwa, akafia hospitali. Siku ya mazishi nilikuwa nyuma yake. Midomo yake ilipoanza kutetemeka, wazee walimzunguka upande huu na huu. "Jikaze, wewe mwanamume." "Usimlilie, utamtaabisha." "Mshukuru Mungu, wenzio wamezika watatu." Kila mmoja alisema kwa mapenzi, nami sina shaka na hilo. Fundi alijikaza. Alijikaza hata baada ya arobaini kupita na watu kurudi kwenye shughuli zao. Asubuhi nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, na neno hilo ndilo nililolipata kwake hadi kesho yake. Kutwa nzima tulisikia cherehani tu.

Mbwa aliletwa na daktari wa hospitali, mwanamke mgeni aliyekuwa akimaliza mkataba wake. Wakati binti anaumwa, fundi alikuwa akishinda kwenye benchi la barazani hospitalini, na mbwa wa daktari, dume kubwa la rangi ya mchanga, masikio yamelala, alikuwa akija kujilaza karibu na viatu vyake. Hakuitwa na wala hakufukuzwa. Daktari aliliona hilo, na alipokuwa akifunga safari akamwachia. Nilimwuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini anamtwisha mzee Mwislamu mzigo wa namna hiyo. Akanieleza kwamba mbwa yule ni Labrador. Wazee wa ukoo wake walichaguliwa kizazi kwa kizazi na wawindaji wa ndege: akae kimya karibu na bunduki bila kushtuka, asubiri mpaka atumwe, kisha amlete ndege mdomoni bila kumtoboa. Aliyezaliwa na subira hiyo huweza kukaa na mgonjwa au mfiwa bila kumchosha. Kwao, alisema, mbwa wa namna hii hupelekwa kuwaona wazee na wagonjwa, na si kila mbwa anaiweza kazi hiyo. "Mbwa wa ulinzi anamsikiliza mwizi," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. "Huyu anamsikiliza aliye naye."

Nilicheka, maana mbwa niliowajua mimi walikuwa wale wa jalalani, wenye mbavu za kuhesabika, wanaokimbia ukiinama tu kufunga kamba ya kiatu. Wamepigwa mawe tangu walipofumbua macho, utulivu wangeupata wapi? Huyu wa fundi hakubweka, hakurukia watu, hakulamba mtu. Watoto wa mtaa walimwita Bwege. Wakimvuta mkia, aligeuza kichwa, akawatazama, akakirudisha chini.

Mtaa ulichafuka. Kwetu ulimi na jasho la mbwa ni najisi. Kilichoguswa na mbwa kikiwapo kimajimaji huoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga au udongo. Mashehe walimwambia fundi kwamba mbwa wa kulinda anaruhusiwa, ila asiingie ndani. Fundi akamjengea banda uani, mchana akamwacha alale nje kwenye ngazi, karibu na cherehani. Na akajiwekea utaratibu wake: kikavu kikigusa kikavu hakuna najisi. Alikuwa na kitambaa begani. Kabla ya kumshika mbwa alifuta viganja, akavipuliza, kisha akaweka mkono juu ya kichwa kile kikubwa na kuuacha hapo. Mbwa akitoka mvuani, hakumgusa. Ajabu ni kwamba mbwa aliuelewa utaratibu huo. Masika nilimwona akijilaza mbali kidogo, amelowa, akimtazama fundi, naye fundi akimtazama, wote wawili wakingoja jua.

Lakini mtaa haukuyataka maelezo hayo. Nani ataswali kwa kanzu iliyoshonwa mlangoni kwa mbwa? Wateja wakapungua, fundi akawa anashona sare za shule na mapazia, na suruali za wakulima wa Mkange wasiojali habari hizo. Kahawa ya jioni ikahamia baraza nyingine. Ramadhani ilipofika, sahani za futari zilipita mbele ya mlango wake zikielekea kwa wengine. Ni mama mmoja tu, jirani wa mlango wa pili, aliyeendelea kumletea, lakini alimwekea kwenye jani la mgomba, ili kusiwe na sahani ya kurudishwa kutoka nyumba ile. Nilimwona fundi akilikunja jani lile taratibu baada ya kula, akibaki nalo mkononi.

Na kulikuwa na mchanga. Karai la mchanga wa pwani lilikaa kando ya kizingiti chake, na baadhi ya jioni tulimwona akitoka na ndoo, akisugua uso, shingo na kola ya kanzu kwa mchanga, kisha akimimina maji tena na tena. Watu walitazamana. "Kalambwa tena," walisema. Kila karai lilipotoka, mtu mwingine aliacha kupita upande ule. Mimi jambo moja lilinitatiza: mbwa yule alikuwa halambi. Siku moja nikavuka njia.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu."

"Huyu mbwa hajawahi kumlamba mtu mbele yangu. Huu mchanga ni wa nini?"

Alifuta mikono kwa kitambaa, ingawa hakuwa na nia ya kumshika mbwa. "Mwanangu, yeye mkavu, mimi mkavu, tumekaa. Halafu namkumbuka mtoto. Nainama hapa shingoni kwake, nalia. Basi hapo pamelowa. Sitaki kwenda msikitini na najisi."

"Na watu wanadhani..."

"Waache wadhani ni mbwa. Mimi mtu mzima. Maadamu ningali hai, usiwaambie."

Sikuwaambia. Baadaye nikahamia Dar es Salaam, na huko nikasikia kwamba mbwa amekufa kwa uzee. Nilipokwenda kumpa pole fundi, sikuamini macho yangu: baraza imejaa, kahawa imerudi, kanzu mpya zimetundikwa, na sahani za udongo, zenye maua, zimepangwa dirishani zikingoja kurudishwa kwa wenyewe. Nilimpa shikamoo. Akaitikia marahaba, akainamia cherehani, na sikupata neno jingine. Watu walikuwa wakizungumza pande zote mbili zake. Sijawahi kuona mtu mpweke kama yeye siku ile.

Matangani nilikaa karibu na yule mama jirani, sasa mtu mzima sana. Akawa anamsifu marehemu. "Alimaliza vizuri, alhamdulillahi," aliniambia. "Tangu mbwa yule afe, nyumba ilitakata. Mchanga hatukuuona tena hata siku moja."

Fundi hayupo tena, na ahadi yangu ilikuwa ya uhai wake. Nikamweleza mchanga ule ulikuwa wa nini. Vidole vyake vikawa vinachezea pindo la kanga.

"Mlango wa pili tu," alisema mwishowe. "Angekuja kulia kwangu."

"Ungemwambia nini, mama?"

Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, nami nampenda kwa hilo. "Ningemwambia anyamaze," alijibu, na machozi yakamtoka.

Watu wawili waligeuka, na mmoja akafungua mdomo kumwambia ajikaze. Nikampa ishara aache. Neno la kumpoza nilikuwa nalo, kwani mtu anayeishi kwa kuandika hakosi neno, lakini nililimeza. Nimefundishwa kazi hii na mbwa aliyeitwa Bwege, nami nimechelewa kuijua: aliyefiwa anahitaji mtu wa kukaa karibu naye, atulie, asiwe na haraka ya kumwona amepona. Basi nilisogea kidogo, nikakaa kimya, mpaka yule mama alipomaliza kulia.