Oveni ya Chaki ya Mwalimu Winrose

Mwalimu Winrose Chepkosgei alifundisha kuoka mikate kwa miaka minne bila oveni. Msidhani natia chumvi. Nilikuwa mpishi wa chuo hicho cha ufundi, hapa nje kidogo ya Gilgil, miaka thelathini na mmoja. Nilipostaafu wakaniweka kwenye bodi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekumbuka bomba la maji limezikwa wapi. Ninayosema nimeyaona.

Oveni yake ilikuwa ukutani. Chumba chenyewe zamani kilikuwa banda la farasi wa mzungu. Baba yangu alilifagia mimi nikiwa mtoto. Winrose alipofika kutoka Njoro, akaonyeshwa chumba kitupu, akapaka ukuta mmoja rangi nyeusi. Kisha akachora kwa chaki mlango wa oveni, mshikio, trei tatu na vitufe vinne vya kuzungusha.

"Washa!" husema. Wanafunzi kumi na tisa wananyoosha mikono, wanazungusha hewa.

"Fungua!" Wanafungua, halafu wote wanaruka nyuma hatua moja kwa sababu ya joto. Asiyeruka anakatwa alama mbili. Anayeshika trei bila glavu anatumwa kwangu jikoni kupakwa dawa ya kuungua, na mimi nampaka, maana mwalimu ni mwalimu.

Mikate ya kula waliioka kwa sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Ilikuwa mikate mizuri, sitaki mtu aseme vingine.

Mwaka juzi akaja mkaguzi wa mitihani. Akatazama ukuta, akatazama sufuria, akaandika kwamba kama hakutakuwa na oveni kufikia Januari, darasa la kuoka lifungwe na wanafunzi wahamishiwe uashi. Winrose naye aliajiriwa kwa darasa hilo tu. Likifungwa, anarudi Njoro na aproni yake.

Hapo ndipo alipoanza kutafuta wafadhili. Mkuu wa chuo, Bwana Mwaura, alikuwa ametangaza kwamba mwalimu mwenye mradi ajitafutie mwenyewe, yeye atapiga muhuri. Winrose akatafuta kama mtu aliyepotelewa na mbuzi: kila kichaka. Aliwaandikia watu wa kulinda wanyama wa porini kwamba kijana anayejua kuoka hana haja ya kuwinda pundamilia. Wakamjibu kwa heshima kwamba hawajaona uhusiano. Akawaandikia watu wa kusaidia wavuvi wa ziwa la Naivasha, akasema wavuvi nao hula mkate. Hao hawakujibu. Wa tatu walisema wanafadhili tu kitu ambacho hakijawahi kuonekana mahali popote.

"Wapelekee picha ya ukuta," nikamwambia kwa mzaha.

"Cucu," akasema, maana hapa kila mtu ananiita Cucu, yaani bibi, hata wasio wajukuu zangu, "mkuu amekataa ukuta upigwe picha. Anasema ni aibu."

Kusema kweli, nilikubaliana na mkuu.

Wafadhili wa nne niliwapata mimi, na niliwapata kwa mwuza nyama. Nilinunua matumbo nusu kilo, akanifungia kwa gazeti, na mimi husoma chochote kilichoandikwa. Ndani ya gazeti kulikuwa na tangazo: mfuko mmoja wa Nairobi unatoa ruzuku ya vifaa kwa miradi ya walimu na wafanyakazi wa vyuo vidogo. Tarehe ya mwisho ilikuwa imelowa damu. Tukaishika juani, mimi na Winrose, tukaona ni Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Matumbo hayakupikwa. Alijaza fomu mpaka vidole vikakakamaa, Mwaura akapiga muhuri, na baada ya wiki tatu ikaja barua kwamba watatuma mtu kuja kuona chuo.

Hapa kwetu mgeni akisema anakuja, siku hiyo hakuna maskini. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Mwaura alileta makochi ya nyumbani kwake na vitambaa vyake vya kufuma. Mimi nikatoa vikombe vya maua ambavyo havijanywewa tangu harusi ya binti yangu Tabby. Halafu kwenye mkutano wa bodi nikasimama, nikauliza, "Na oveni? Mgeni tutamwonyesha ukuta?"

"Cucu, si hiyo ndiyo sababu anakuja?" Winrose akasema.

"Mwanangu, hakuna anayepewa kitu kizuri kwa kuonekana ovyo. Tutaazima."

"Mama amesema," akasema Mwaura, na bodi ikapiga makofi.

Nikaenda kwa Kuluthum, mwenye duka la mikate pale Gilgil. Mama yake na mimi tulijuana sokoni tangu yeye akiwa mgongoni.

"Nakuazima, Mama Tabby," akasema. "Lakini saa nane kamili naja kuichukua. Nina keki ya harusi, ghorofa tatu, inaenda Naivasha kesho yake. Na ni saa nane, si ile saa nane ya kanisani kwenu."

Oveni ilikuja asubuhi ikimetameta kama jeneza la tajiri. Tukaisimamisha mbele ya ukuta mweusi, ikaziba mchoro wote. Mgeni wa saa tatu akafika saa sita na nusu. Nilitarajia mzee wa suti, kumbe ni msichana wa raba na begi la mgongoni, anaitwa Jepkorir. Akala mkate wa wanafunzi, akausifu. Mwaura akahutubia dakika arobaini, akianzia Uhuru. Tulipoingia darasani ilikuwa saa nane kasorobo.

Jepkorir akasimama mbele ya oveni. Akafungua mlango, akaufunga.

"Mna oveni," akasema.

"Tunayo!" akasema Mwaura, kama bwana harusi.

"Ni nzuri kuliko niliyoona chuo chochote."

"Asante sana."

"Sasa mnaomba oveni ya nini?"

Mwaura akaniangalia. Bodi yote ikaniangalia. Nikasema neno la kwanza lililokuja: "Ya pili."

Jepkorir akaandika kwenye tableti yake. "Nina orodha ya vyuo ambavyo havina hata moja," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionikata maini. Nikamtazama Winrose. Alikuwa amesimama na aproni yake iliyopigwa pasi, mdomo umefungwa, kwa sababu mkuu wake amesema na mimi nimesema. Nikaona kabisa kwamba nimemfungia darasa kwa mikono yangu.

Pikapu ikapiga honi nje.

"Hodi!" Kuluthum akaingia na unga mpaka kwenye viwiko, na wanaume wawili nyuma yake. "Saa nane hiyo."

"Madam, tuna mgeni," Mwaura akamnong'oneza.

"Nami nina bibi harusi."

Nikamkonyeza ili atoke, kwa jicho la kulia, kisha kwa yote mawili.

"Mama Tabby, umeingiwa na nini machoni? Haya, shikeni huko chini. Inueni!"

Oveni ikatoka mlangoni kwa ubavu. Nyuma yake ukabaki ukuta, na mlango wa chaki, trei tatu na vitufe vinne.

"Na hii ni nini?" Jepkorir akauliza.

Mwaura alisoma dari. Ndipo Winrose akapita katikati yetu, akasimama kando ya mchoro, akapiga makofi mara mbili.

"Darasa. Washa!"

Mikono kumi na tisa ikanyooka, ikazungusha.

"Fungua!"

Wakaruka nyuma wote pamoja, na mmoja akamkanyaga Mwaura kiatu. Kuluthum, aliyekuwa amerudi kuchukua mtungi wake wa gesi, naye akaruka.

"Cheruto! Glavu ziko wapi?"

Cheruto akashtuka. Kwa mazoea akatoka kwenye mstari, akanijia na kiganja wazi mbele ya wageni wote. "Cucu, nimeungua."

Mimi, mjumbe wa bodi, na suti yangu ya Jumapili, ningefanya nini? Nilichovya kidole hewani, nikampaka.

Jepkorir alicheka mpaka akakalia gunia la unga. Alipopangusa machozi akauliza, "Na ule mkate niliokula?"

"Wa sufuria," Winrose akasema.

"Mbona hamkunionyesha haya tangu mwanzo?"

"Ulikuwa mgeni," nikamwambia, kwa kuwa huo ndio ukweli.

Akafungua tableti, akafuta alichokuwa ameandika. Akaomba kupiga picha ya ukuta. Mwaura akajipanga katikati ya picha, akaombwa asogee.

Oveni yetu ilifika Novemba. Januari mkaguzi akarudi, akataka kuona ikifanya kazi. Winrose akasema "Fungua!" na wanafunzi kumi na tisa wakaruka nyuma, ingawa gesi ilikuwa haijawashwa. Mkaguzi aliruka nao. Darasa halikufungwa.

Siku hizi mwalimu yeyote mwenye mradi humwendea Winrose kuuliza wafadhili hupatikanaje. Wa umekanika alienda na daftari jipya kabisa. Winrose akampa kipande cha chaki.

Naye Mwaura, kila mkutano, hukumbusha bodi kwamba wazo la kuazima lilikuwa langu na lilikaribia kutumaliza. Sikatai. Namwuliza tu: kama nisingeiazima, Kuluthum angekuja kuchukua nini?