Nilizivunja spika za mjomba ili nifungie jua

Kla. Ndivyo zilivyolia sumaku mbili za spika za mjomba ziliponiponyoka mikononi zikarukiana. Sauti hiyo ninayo masikioni mpaka leo. Rashidi alinisaliti, ndiyo, lakini bisibisi niliishika mimi.

Mimi ni msusi hapa Nachingwea, shule niliishia kidato cha pili. Napenda kuota. Siku moja kwenye simu nikaona video ya wataalamu wanaotaka kuwasha kijijua chao hapa duniani kitoe umeme. Gesi yake ni ya moto kupita kiasi, na ikigusa ukuta wa chombo inapoa, kazi yote inaharibika. Kwa hiyo wanaizungushia sumaku ielee katikati, ikifuata njia za nguvu ya sumaku. Shida yake haitulii. Inapenyapenya, inavuja pembeni. Nikaipenda gesi ile kama mtu anavyompenda mtoto mtundu.

Rashidi alikuwa rafiki yangu wa Ruangwa, kasoma sayansi mpaka kidato cha sita. Nilimpenda, sifichi. Nikamwambia, "Mbona hizo njia za sumaku wasizisokote? Mie nywele nikiziacha wima zinafumuka, nikizisokota zinashikana."

Akacheka, akatafuta kwenye simu, akanigeuzia kioo. "We binti, kuna mashine wameijenga hivyohivyo. Imepindapinda kama msuko."

Wiki hiyo nilisuka watu huku nacheka peke yangu.

Ruangwa kulikuwa na maonyesho ya vijana yanakuja. Tukakubaliana kupeleka mfano: waya wa shaba uliosokotwa kwenye duara, na sumaku kubwa na unga wa chuma vya kuonyesha njia zinavyopita. Sumaku kubwa hatukuwa nazo.

"Kwenu si kuna spika?" akasema Rashidi. "Tutazirudishia na gundi. Mjomba hatajua."

Mjomba ndiye aliyenilea. Kwetu Wamwera mjomba si mtu wa pembeni, hata gharama za unyago wangu alizisimamia yeye. Spika zile alikuwa akizikodisha kwenye sherehe. Nilizifungua akiwa shambani, nikang'oa sumaku, nikafunga masanduku kama yalivyokuwa.

Kwenye maonyesho mgeni mmoja akauliza wazo la kusokota limetoka wapi. Rashidi akajibu limemjia akimtazama dada yake anasukwa. Rashidi hana dada.

"Na huyu binti?"

"Huyu msusi tu, kanisindikiza. Kanibebea begi."

"Basi dada, tukimaliza hapa utusuke," mwingine akatania. Wakacheka, na Rashidi akacheka nao. Nilibaki na unga wa chuma kiganjani. Sumaku akaondoka nazo, na simu zangu hapokei tangu siku hiyo.

Ningeishia hapo mngenihurumia. Ngojeni.

Siku ya watoto kutoka jandoni mjomba akapeleka spika zake, na mbele ya watu wote zikawa bubu. Akafungua, akaona. Aliyezikodi mwisho alikuwa rafiki yake, mzee Chilumba wa Chiola. Mjomba akamwita mwizi mbele ya wakwe wa mzee mwenyewe.

"Mwenzangu," mzee akasema, "tumechunga mbuzi pamoja, leo mimi mwizi?"

Akaondoka bila kula. Nami nilikuwepo, nimeshika sinia la wali, nikanyamaza.

Nilikuja kusema siku nyingi zimepita. Mjomba hakunipiga. Aliniangalia tu, akasema, "Spika nitanunua. Chilumba nitamnunua wapi?" Akaenda Chiola kuomba radhi. Mzee alimpa kiti, akaitikia salamu, basi. Mpaka leo hawatembeleani. Na mimi mjomba ananiagiza maji, ananiagiza chumvi, lakini maongezi hatuna tena.

Wenzangu mnaoota, oteni, wala msione haya. Ila kitu cha mtu kiombwe. Na anayekwambia "hatajua" juu ya mtu aliyekulea, mkimbie, maana kesho atasema hivyohivyo juu yako. Rashidi alinifanyia nilichomfanyia mjomba, na kilichoniuma zaidi ni kugundua hivyo.

Ijumaa iliyopita, mzee Chilumba alipokwenda msikitini, nilifika shambani kwake na jembe. Nikapalilia chini ya mikorosho yake, majani nikayarundika kando, nikaondoka kabla hajarudi.