Mama Stoo na mashine isiyojua ngeli

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Stoo yuko kwenye benchi la korido ya hospitali, kompyuta mapajani, miwani imeteremka puani. Anaandika neno moja, analisoma kwa sauti, analifuta, analiandika tena. Muuguzi anayepita na toroli la dawa anamtania, "Shikamoo mama, bado unabatiza?" Anaitikia marahaba bila kuinua macho.

Kubatiza, yaani kuvipa vitu majina, ndiyo kazi yenyewe. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita anatengeneza programu za simu na kompyuta kwa kutumia kiunzi, yaani mifupa ya programu iliyokwisha andaliwa, na yeye anaijazia nyama. Kiunzi chake kinakwenda kwa desturi ya majina. Ukurasa unaoonekana kwenye simu ukiitwa Kidonge, na faili la kuhesabu likiitwa Kidonge, vinatafutana na kuungana vyenyewe. Ukikosea herufi moja, kila kimoja kinakaa kivyake na kioo cha simu kinabaki cheupe.

"Watu wanadhani ni uchawi," anasema. "Ni adabu tu. Unakiita kitu jina lake, halafu hulibadilishi tena."

Adabu hiyo hakuipata darasani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtunza stoo ya dawa ya hospitali hii hii: chumba kisicho na dirisha, rafu thelathini na mbili, vibandiko vyote vya mkono wake. Ukirudisha kopo mahali sipo, ulisemwa mpaka ukome. Programu alijifunza mtandaoni kwa miaka mitatu, kisha akaacha ajira ya kudumu. Baba yake, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alinuna wiki mbili nzima.

"Aliniuliza, 'Mwanangu, umeacha kazi inayoeleweka, unakwenda kufanya nini?'"

Jibu lilitakiwa lipatikane Machi mwaka huu, siku ya kumwonyesha matroni programu ya stoo. Ikifanya kazi, wodi zote tisa zingeitumia. Isipofanya, hospitali ingerudi kwenye daftari na Mama Stoo angerudi nyumbani.

Sasa, kiunzi hicho kilitengenezwa na watu ambao wakitaka wingi wanaongeza herufi s mwishoni mwa neno. Kitu kimoja kinapewa jina la umoja, orodha yake jina la wingi, na hapo ndipo mashine inapojua kipi ni kipi. Mama Stoo hakutaka kuviita vitu vyake kwa lugha ya kuazima. Akakiandikia kiunzi faili la ngeli, umoja na wingi wake: kidonge, vidonge, mgonjwa, wagonjwa, kopo, makopo. Kikaelewa.

Siku ilipofika, matroni akabonyeza Wagonjwa, wakaja. Akabonyeza Vidonge, vikaja. Akabonyeza Dawa, ikaja moja.

"Mama Stoo," alisema matroni, "hospitali nzima ina dawa moja?"

Wauguzi wakaangua kicheko. Mama Stoo akainamia simu. Kosa aliliona pale pale: dawa moja ni dawa, na dawa mia ni dawa. Mashine ilitafuta tofauti ya jina, ikaikosa, ikaleta kimoja. Na chupa hivyo hivyo, na sindano, na bandeji, karibu nusu ya stoo.

"Matroni akanipa mpaka saa sita mchana. Nikaenda kusimama mlangoni pa stoo yangu ya zamani, naviangalia vile vibandiko. Kwenye boksi nimeandika 'sindano'. Kwenye ubao nimeandika 'rafu ya sindano'. Yaani tatizo hili nilishalimaliza zamani, nikasahau."

Akaongeza desturi moja: neno lisilobadilika, orodha yake inaanza na Rafu. RafuDawa, RafuChupa, RafuSindano. Saa tano na nusu matroni akabonyeza tena. Zikaja dawa mia mbili na kumi na nne, kwenye simu yake na kwenye kompyuta ya stoo kwa mpigo.

"Sikulia," anasema Mama Stoo. "Nilienda msalani, nikalia huko."

Leo wodi zote tisa zinaitumia, na asubuhi hii anabatiza vitu vya maabara. Faili la ngeli limefika maneno mia tisa, na mkaguzi wake ni yule mwalimu mstaafu, ambaye hupiga simu kila siku baada ya chakula cha mchana.

"Juzi kaniuliza, 'Ua umeliwekaje, maua au nyua?' Nikamwambia, baba, hospitali haina bustani. Akasema, 'Ua inao, nimeuona. Weka vyote viwili.'"

Mwezi ujao anakusudia kulituma faili hilo kwa waliotengeneza kiunzi, likubaliwe ndani yake, ili mwingine atakayejenga programu kwa Kiswahili asianze na dawa moja. Mahali pa jina la mwandishi ameandika majina mawili.

"Zamani jirani akimuuliza, 'Binti yako anafanya nini?' baba alisema 'mambo ya kompyuta', akabadilisha mazungumzo," anasema, akifunga kompyuta. "Sasa anajibu, 'Tunaifundisha mashine ngeli.' Tunaifundisha. Na baba yangu hajawahi kukosea wingi."